Kemo Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Matiti: Siku 20 za Nyumbani

Mama aliyetolewa uvimbe wa titi, au titi lote, hurudi kliniki kidonda kikiwa kinakauka na kuambiwa kuwa sasa ataanza kemo. Wengi huuliza swali moja: "Daktari, si mmeshautoa? Hii dawa nyingine ni ya nini?"

Ni swali la haki na lina jibu. Mkulima yeyote wa Ganze au Magarini anaijua ndago. Utapalilia shamba mpaka likae jeupe, lakini vile viazi vyake vidogo vilivyobaki chini ya udongo vitachipua mvua ya kwanza ikinyesha. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana na kushikika, na mara nyingi tezi za kwapani pia. Lakini huenda seli chache za saratani zilishatoroka na kuingia kwenye damu kabla ya siku ya upasuaji, na hakuna picha ya kawaida inayoweza kuzionyesha zikiwa chache hivyo. Kemo, yaani dawa za kemikali zinazotiwa mwilini kupitia mshipa wa damu, huzifuata huko zilikojificha.

Si kila aliyepasuliwa huhitaji kemo. Madaktari huangalia ukubwa wa uvimbe, kama tezi za kwapani ziliguswa, aina ya saratani iliyoonekana maabarani, umri na afya ya mgonjwa kwa jumla. Kwa hivyo jirani yako akipasuliwa asipewe kemo, nawe upewe, usidhani ugonjwa wako umeshindikana. Na kwa kuwa jambo hili halisemwi vya kutosha: wanaume nao hupata saratani ya matiti, japo ni wachache, na yote yaliyoandikwa hapa yanawahusu.

Kemo huanza kidonda kikishapona vizuri, kwa kawaida wiki nne hadi sita baada ya upasuaji. Ikicheleweshwa zaidi ya miezi mitatu, faida yake hupungua. Hapa ndipo wengi huteleza. Mgonjwa anajisikia mzima, maumivu yamekwisha, na familia inakubaliana arudi baada ya mavuno au baada ya harusi. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya, zaidi ya 6,000 kila mwaka, na sehemu ya wale tunaowapoteza ni waliopasuliwa vizuri kisha wakakatiza matibabu.

Dawa nyingi za saratani ya matiti hutolewa kila baada ya siku 21, mara nne hadi nane. Nyingine hutolewa kila wiki. Katika siku hizo 21, mgonjwa hukaa kliniki siku moja. Zile 20 yuko nyumbani na watoto wake, majirani wake na ushauri wa kila anayepita. Somo letu ni la hizo 20.

Kabla ya dawa ya kwanza

Utapimwa damu, ini na figo. Dawa fulani huweza kuudhoofisha moyo, kwa hivyo huenda ukapelekwa kupigwa picha ya moyo. Utapimwa pia homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atapimwa ujauzito. Anayetumia ARV aendelee nazo, lakini daktari wa saratani azijue kwa majina. Vivyo hivyo kwa dawa za presha na kisukari.

Sema pia kuhusu miti shamba. Hapa Pwani kuna mkilifi, kuna mshubiri, na kuna chupa zinazouzwa stendi ya matatu zenye maandishi ya kutibu magonjwa arobaini. Hatusemi hivi kwa kudharau dawa za wazee. Dawa za kemo huvunjwavunjwa na ini na nyingine hutolewa na figo, na baadhi ya mitishamba huzifanya zikae mwilini kupita kiasi au zitoke kabla ya kufanya kazi. Daktari asiyejua unachokunywa hawezi kukupimia kipimo sahihi. Wagonjwa wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Mwambie tu, na kama una ile chupa, ibebe aione.

Siku ya dawa

Kula chakula chepesi asubuhi na uvae nguo yenye mkono mpana. Dripu itawekwa mkono ulio upande wa pili wa titi lililopasuliwa. Kabla ya hapo utapewa dawa za kuzuia kutapika. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana, doksorubisini, ina rangi nyekundu kama sharubati, na ndiyo sababu mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili. Si damu. Watu wamelia usiku kucha kwa kukosa kuambiwa jambo hili dogo.

Lakini jambo moja usilivumilie ukiwa kwenye kiti: mahali pa sindano pakiuma, pakichoma au pakivimba, mwite muuguzi papo hapo. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ukihisi kifua kubana, kuwashwa mwili au pumzi kukatika, sema wakati huohuo. Hii si saa ya kuona haya.

Siku za kwanza: tumbo, mdomo na chakula

Kemo huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini hata utando wa mdomo na utumbo, mizizi ya nywele na uboho unaotengeneza damu nao hugawanyika upesi. Ukilielewa hili, madhara mengi hayatakushtua.

Kichefuchefu huja zaidi siku ya kwanza hadi ya nne. Siri yake ni kumeza tembe ulizopewa kwa saa zilizoandikwa, hata kama hujisikii kutapika. Ukingoja mpaka uanze, dawa itatoka na matapishi. Kula kidogo kidogo mara sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara mbili. Chakula kilichopoa hakinuki sana, kwa hivyo wali uliopoa kidogo au viazi vitamu vya kuchemsha huenda vikapita pale ambapo mchuzi wa moto umeshindwa. Mtu mwingine apike, mgonjwa akae mbali na moshi na vitunguu vinavyokaangwa. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine. Ukitapika siku nzima bila hata maji kukaa tumboni, rudi hospitalini. Kuna dawa nyingine za kuongezewa, na hakuna anayetarajia uvumilie.

Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika hufunga choo. Maji, papai na kutembeatembea uani husaidia. Wengine huharisha badala yake. Ukiharisha mara nne au zaidi kwa siku kuliko kawaida yako, anza maji ya ORS na umpigie muuguzi simu. Usijitie dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa, wala usipigwe bomba, kwa sababu mchubuko mdogo huko ni mlango wa vijidudu.

Mdomo huweza kuota vidonda kuanzia wiki ya kwanza. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, mara nne kwa siku na kila baada ya kula. Weka mswaki wa mti kando kwa miezi hii, utumie mswaki laini usiochubua ufizi. Ladha nayo hubadilika. Nyama huweza kuonja kama chuma, na ukwaju au ndimu huirudisha hamu ya kula, ila si wakati mdomo una vidonda, utauma vibaya.

Kuna jambo la chakula linalotusumbua zaidi ya hayo. Katika nyumba nyingi mgonjwa wa saratani huondolewa nyama, mayai na maziwa kwa imani kwamba vinalisha ugonjwa, akabaki na uji mweupe na mboga. Uzito unashuka, nguvu zinaisha, na duru inayofuata inaahirishwa kwa kuwa mwili haukustahimili. Mgonjwa wa kemo anahitaji vyakula vya kujenga mwili kuliko mtu mzima wa afya: samaki, kuku, mayai yaliyoiva hadi ndani, maharagwe, mbaazi za nazi, karanga. Sima na mchuzi wa samaki ni chakula kizuri kabisa. Kinachopaswa kuangaliwa ni usafi. Maji yachemshwe. Maziwa yachemshwe pia, na yale ya mgando yanayouzwa bila kuchemshwa yaachwe. Embe limenywe kwa mikono na kisu safi. Dafu linywewe likiwa limekatwa sasa hivi. Chakula kilicholala kisipewe mgonjwa. Pombe, mnazi ukiwemo, ikae mbali.

Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kufungua, na mwili ulio kwenye kemo unahitaji maji mchana. Zungumza na daktari wako, kisha na sheikh unayemwamini.

Siku ya 7 hadi ya 14: homa

Kama utaisahau makala yote, ikumbuke sehemu hii.

Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hushuka kufikia kiwango cha chini kabisa. Kichefuchefu kimeshapita. Mgonjwa anakula, anatembea, anajiona amepona. Kumbe ndizo siku ambazo kidudu kidogo, hata kile kinachoishi kawaida tumboni mwake, kinaweza kuingia kwenye damu na kumuua kwa saa chache.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka arobaini na mitano, anakaa ndani kabisa ya Ganze. Ni siku ya kumi, saa tatu usiku. Binti yake anamgusa.

"Mama, mbona mwili wako ni moto?"

"Ni malaria tu, mwanangu. Si umeona mvua ilivyonyesha? Nipe Panadol, kesho tutaenda zahanati."

Hapana nyumba katika kaunti hii ambayo haijawahi kusema maneno hayo, na kwa mtu mwingine si maneno mabaya sana. Kwa mgonjwa aliye kwenye kemo, ni maneno ya hatari. Panadol itashusha joto, mgonjwa atalala, na familia itafarijika huku maambukizi yakiendelea kupanda chini kwa chini. Asubuhi huenda akawa hawezi kusimama. Kujifukiza kwa majani au kungoja jasho litoke huleta matokeo yaleyale.

Kwa hivyo kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo iwe na kipimajoto. Hupatikana duka la dawa kwa shilingi mia chache. Mgonjwa apimwe asubuhi na jioni, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Pima kwanza kabla ya kumeza dawa yoyote ya kutuliza joto. Kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, pumzi ya haraka au udhaifu wa ghafla ni sababu tosha ya kwenda hata kama kipimajoto kinaonyesha 37, kwa sababu mwili usio na askari wakati mwingine hauna nguvu hata ya kuleta homa.

Ukifika, usikae kwenye foleni kama mgonjwa wa kawaida. Mwambie wa kwanza kukupokea: "Niko kwenye kemo. Nilitiwa dawa tarehe fulani. Nina homa." Onyesha kadi yako. Anachohitaji mgonjwa huyu ni kutolewa damu ya kupimwa na kuanzishiwa antibiotiki za mshipa ndani ya saa moja. Kipimo cha malaria kifanywe pia, maana malaria ipo, lakini antibiotiki zisingoje majibu yake. Na majibu yakionyesha malaria, hayo hayaondoi uwezekano wa maambukizi mengine. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Tunaliandika hili kwa ajili ya familia na vilevile kwa mhudumu wa zamu aliyechoka, ambaye ameona homa thelathini za malaria siku hiyo.

Mpango wa usiku hupangwa mchana. Zahanati nyingi hufungwa jioni. Hospitali ya Kilifi, ya Malindi na ya Mariakani hupokea wagonjwa usiku, kwa hivyo jueni mapema iliyo karibu nanyi. Namba ya mwenye gari au bodaboda anayekubali kuamshwa iandikwe ukutani, pamoja na ya kliniki ya saratani na ya mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Nauli ya dharura ikae mahali pake isiguswe. Kama hospitali iko mbali mno, anzieni kituo cha afya chochote kilicho wazi, apewe dozi ya kwanza na barua ya rufaa. Lililo muhimu, asilale nyumbani na homa hiyo.

Sisi wa ofisi ya mawasiliano tunapenda mabango yenye picha kubwa na maneno machache. Leo tunakuomba uchukue kalamu. Andika juu ya kalenda ya nyumbani tarehe ya kutiwa dawa, kisha uzungushie duara siku ya saba hadi ya kumi na nne. Wote wa nyumbani waione, hata watoto wa shule.

Katika siku hizo mgonjwa aepuke msongamano wa soko, matanga na matatu zilizojaa inapowezekana, na asikae karibu na mwenye mafua, surua au tetekuwanga. Kunawa mikono kwa sabuni ndiko kinga ya kwanza. Chembechembe za kugandisha damu nazo hushuka, kwa hivyo ufizi unaovuja, madoa mekundu ya ngozi au hedhi isiyokatika viripotiwe. Asimeze aspirini bila kuambiwa na daktari.

Je, kemo inaambukiza?

Saratani haiambukizi, wala hakuna haja ya kumtengea mama sahani na kikombe. Wajukuu wamkumbatie. Ila dawa yenyewe hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi kwa takriban saa 48. Anayesafisha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na choo cha shimo kimwagiwe maji na kufunikwa. Mke na mume watumie kondomu siku hizo, na katika kipindi chote cha matibabu watumie njia ya uzazi wa mpango waliyoshauriwa na daktari, kwa kuwa dawa hizi humdhuru mtoto aliye tumboni. Kunyonyesha nako kusimame.

Mkono wa upande uliopasuliwa

Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya mwili hupata shida kupita na mkono unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Mazoezi ya kuinua mkono na kupandisha vidole ukutani, kama ulivyofundishwa baada ya upasuaji, yaendelee polepole. Kuuacha mkono bila kazi huufanya ukaze. Lakini mtungi wa lita 20, kuni za kichwani na jembe la siku nzima vingoje mpaka daktari aruhusu, na hilo ni jambo la kuzungumzwa na mume, watoto na wakazamwana, kwa kuwa katika nyumba nyingi maji yasipotekwa na mama huyu hayatekwi. Epuka mikato na kuungua katika mkono huo. Ukivimba, ukiwa mwekundu au wa moto, nenda ukaonwe.

Dawa ya paklitakseli, inayotumiwa na wengi katika nusu ya pili ya matibabu, huleta ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Mtu hukanyaga msumari asijue, au hushika sufuria ya moto asihisi. Vaa viatu hata uani. Mweleze daktari mapema ganzi ikianza, kwani ikizidi anaweza kupunguza dozi.

Nywele, na mengine ya moyoni

Nywele hutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dawa ya kwanza, mara nyingi kwa mafungu, kwenye mto na kwenye chanuo. Wengine huona afadhali kunyoa mapema kwa hiari yao. Zitarudi wiki chache baada ya kemo kwisha, pengine laini zaidi au za rangi tofauti. Ushungi na leso hutosha kwa wengi. Kinachouma si upara peke yake. Ni titi lililokwisha kutolewa, ni mume aliyenyamaza, ni jirani anayeuliza mbele za watu. Mgonjwa anayelala mchana kutwa, asiyetaka kula wala kuonana na mtu, asiambiwe ajikaze tu. Mwambieni muuguzi, maana huzuni hiyo nayo hutibiwa. Kusahausahau ni kawaida katika miezi hii, na uchovu wa kemo hauishi kwa kulala. Kutembea kidogo kila siku, jua likiwa limepoa, huusaidia zaidi.

Gharama na safari

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya. Asiye na ajira rasmi hulipa kulingana na mapato ya kaya baada ya kuulizwa maswali, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na mchango wake hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Matibabu ya saratani yamo, lakini yana kikomo cha fedha kwa kila kaya kwa mwaka, si kwa kila mtu. Kiwango hicho hubadilishwa, kwa hivyo uliza ofisi ya SHA iliyo hospitalini kimebaki kiasi gani kabla ya kila duru. Kibali cha malipo huombwa kabla ya siku ya dawa. Wanaofika asubuhi na kukiomba papo hapo ndio hukaa hadi jioni na wengine kurudi bila kutibiwa.

Wakazi wetu wengi husafiri hadi Mombasa, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Coast General, ambako kuna kemo na pia matibabu ya mionzi. Bima haigusi nauli ya matatu. Piga simu siku moja kabla, uulize kama dawa ipo na kama kibali kimetoka. Tunakubali kwamba hulazimiki kuwa wewe wa kufuatilia mambo hayo, lakini simu ya dakika tatu imewaokolea watu nauli ya kwenda na kurudi.

Kipimo cha damu hufanywa siku moja au mbili kabla ya kila dawa. Uliza kama unaweza kupimwa hapa Kilifi au Malindi ukabeba majibu. Chembechembe zikiwa chini, dawa itaahirishwa kama wiki moja. Hilo si kushindwa kwa tiba, na usilitumie kama sababu ya kukaa nyumbani mwezi mzima. Lakini ukiamua mwenyewe kuruka duru kwa kuwa unajisikia vizuri, au kwa kuwa fedha zimekatika, mwambie muuguzi kabla ya kutoweka. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili hiyo, na mara nyingi njia hupatikana ambayo mgonjwa aliye nyumbani kimya hawezi kuijua.

Dripu ya mwisho ikitoka

Kwa wengine kazi haijaisha. Aliyehifadhiwa titi lake, na baadhi ya waliotolewa lote, hufuatiwa na mionzi. Ambao saratani yao hulishwa na homoni hupewa tembe kama tamoksifeni, moja kila siku kwa miaka mitano, pengine kumi. Wale wenye aina iitwayo HER2 huweza kupewa trastuzumabu kwa takriban mwaka mmoja. Uliza jibu la maabara lilisema nini, uliandike, na uombe nakala ya ripoti yako ukae nayo. Tembe za homoni hazina maumivu wala dripu, na pengine kwa sababu hiyo huachwa mapema. Zinaweza kuleta joto la ghafla usoni na jasho la usiku. Damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, mwone daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.

Titi lililobaki lipigwe picha kila mwaka. Kliniki za ufuatiliaji huwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, kisha hupungua. Kadi ya kemo usiitupe hata baada ya kupona. Ihifadhi pamoja na kitambulisho, na siku yoyote utakayoonwa na daktari mgeni, kwa ugonjwa wowote ule, itoe na uiweke mezani kwanza.